Ng'ombe wa Babu, Nyumbu wa Grumeti

Basi la Mwanza kwenda Musoma likishaipita Lamadi, abiria wa upande wa kulia huanza kuonyeshana kidole. Ukiwa na bahati utaona pundamilia wamesimama karibu na barabara, nyumbu wachache nyuma yao, na nyani wamekaa kando ya lami wakingoja ganda la ndizi. Hapo ni Ndabaka, lango la magharibi la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, lililo kando kabisa ya barabara kuu. Muda mfupi baadaye wanyama wamekwisha, yanaanza mashamba ya pamba na mtama, na milima ya Balili inajitokeza juu ya mji wa Bunda.

Kwa sisi tuliokulia Bunda miaka ya sabini, Serengeti ilikuwa hiyo ya dirishani. Fisi wake tuliwasikia usiku. Nyama yake tuliifahamu, ile ya kukaushwa kwa vipande virefu inayoitwa kimoro, ikiuzwa kwa kunong'onezana nyumba hadi nyumba. Ndani hatukuwa tumeingia. Niliingia mara ya kwanza mwezi wa Juni 1978, nikiwa msichana wa darasa la tano. Ninaiandika habari ya siku ile sasa kwa kuwa watu wazima tuliokwenda nao karibu wote wametangulia mbele ya haki, na sisi tuliokuwa wadogo tumeanza kubishana.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka mmoja nyuma, Februari 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika. Magari ya watalii yaliyozoea kutoka Nairobi na kuingia Serengeti kwa kaskazini yakakoma, na hoteli ya Lobo, iliyojengwa katikati ya miamba kwa kuwategemea wageni hao, ikapooza. Mjini watu wakasema mbuga imekufa. Baba alikasirishwa sana na usemi huo. Darasani alikuwa akifundisha habari za tamko alilolitoa Mwalimu Nyerere mjini Arusha Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, akiahidi kwamba Tanganyika itawatunza wanyama wake ili wajukuu wa watoto wetu wawakute. Akawa anasema nyumbani, wakati wa chakula: wajukuu wenyewe wamekaa mbele yangu kwenye madawati, wanakaa mwendo wa saa moja kutoka langoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona twiga. Basi hiyo mbuga imekufaje ikiwa wenyewe hatujaingia?

Akaandika barua kwa mhifadhi. Jibu lilipokuja akaenda kuomba lori la kiwanda cha kuchambulia pamba, ambalo wiki zile lilikuwa limekaa bure kwa sababu msimu wa kununua pamba ulikuwa haujafunguliwa. Akapewa, kwa sharti la kujaza mafuta wenyewe. Walimu wakachanga. Lori lilipofika shuleni alfajiri, mbao za bodi zilikuwa bado zimeng'ang'aniwa na nyuzi za pamba ya mwaka uliopita, na tulipofika mwisho wa safari sote tulikuwa na manyoya meupe kichwani. Walipanda wanafunzi, walimu, wake zao na watoto wao wa mgongoni. Mama alibeba sufuria ya mihogo ya kuchemsha, sato wa kukaanga waliofungwa kwenye majani ya mgomba, na kibuyu cha uji wa ulezi uliochacha kidogo, unaokata kiu kuliko maji.

Na alipanda Bibi, mzaa baba. Yeye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Butiama na hakuna aliyemtarajia. Walimu wawili walijaribu kumshauri kwa heshima kwamba lori litamchosha. Akawaambia kwamba yeye aliwaona wanyama wale kabla baba zao hawajazaliwa, na anataka kujua kama bado wapo. Wakamletea kiti kutoka ofisi ya mwalimu mkuu, wakakifunga kwa kamba nyuma ya kichwa cha lori, akakaa hapo siku nzima na kanga yake imefungwa chini ya kidevu.

Langoni tulimpata askari wa hifadhi wa kutuongoza, kijana wa Kiikoma mwenye bunduki ndefu. Alimwamkia Bibi, akaitikiwa marahaba, kisha Bibi akamtupia neno la Kizanaki. Kijana akajibu kwa Kiikoma, na kuanzia hapo hao wawili walikuwa na mazungumzo yao ambayo sisi tulidaka nusu nusu. Sheria alitupa kwa Kiswahili: hakuna kushuka bila ruhusa yake, hakuna kutupa kitu, hakuna kumwita mnyama. Hili la mwisho lilituvunja moyo, maana wavulana walikuwa wamejiandaa kwa miluzi.

Uwanda wa Ndabaka ni tambarare ya udongo mweusi, ule wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu na masika hugeuka ulimbo. Mvua za mwisho mwaka ule zilikuwa zimechelewa kwisha, nyasi zilikuwa bado kijani chini. Mwanzoni tuliona kidogo kidogo: swala pala, ngiri na watoto wake mikia juu, nyemera wamesimama juu ya vichuguu wakitazama mbali. Baba alikuwa ametugawia madaftari, kila familia moja, tuandike jina la kila mnyama na idadi. Tulikuwa tukishindana kwa sauti ya chini. Familia ya mwalimu wa hesabu iliongoza mpaka tulipofika palipo na nyumbu, na hapo mashindano yakafa.

Sijui niseme walikuwa wangapi. Kuanzia gurudumu la lori mpaka ukingo wa macho palikuwa na migongo ya kijivu, yote ikielekea upande mmoja, na sauti yao ile ya kooni, fupi, isiyokatika, ikitoka pande zote hata hujui uelekeze sikio wapi. Harufu ilikuwa ya zizi. Mdogo wangu wa miaka sita alimuuliza Bibi: "Bibi, wenyewe wako wapi?" Akimaanisha wachungaji. Watu wazima walicheka, ila Bibi hakucheka. Alimjibu kwamba nyumbu huchungwa na mvua. Nilikuja kusoma vitabu vya wataalamu miaka mingi baadaye, na sijaona jibu lililomzidi: nyumbu huzaa kwenye nyanda za nyasi fupi za kusini mwezi wa pili, nyasi zikikauka huja kwetu magharibi mwezi wa tano na wa sita, kisha huvuka kwenda kaskazini hadi Mto Mara, na mvua zikirudi nao hurudi. Mwaka mzima wanafuata majani mabichi.

Katikati ya kundi hilo lori lilikwama. Gurudumu la nyuma lilizama hadi ekseli. Dereva akajaribu mbele, akajaribu nyuma, tope likaruka. Askari akashuka peke yake, akazunguka lori pole pole, akapanda juu ya kichuguu akatazama, ndipo akawaita wanaume. Baba alivua viatu na suruali akabaki na kaptula, jambo ambalo wanafunzi wake walilizungumza mwaka mzima. Walikata matawi makavu, wakatandika, wakasukuma kwa kuhesabu. Nyumbu walikuwa wametuachia duara, mbali kidogo, wakala majani yao kana kwamba hatupo. Bibi juu ya kiti chake alikuwa ndiye mlinzi wa upande wa kushoto, kwa amri ya askari, na alipoona fisi alimtangaza kwa sauti kubwa ajabu. Lori lilitoka baada ya muda mrefu. Kaka yangu anasema ni saa nzima. Mimi nakumbuka jua lilikuwa limesogea zaidi ya hapo.

Tulifika Grumeti upande wa Kirawira mchana. Mto ule si mkubwa. Hutoka mashariki, hupita katikati ya hifadhi kwa kujipinda sana, na huishia Ziwa Viktoria kwenye Ghuba ya Speke. Kiangazi hukatika vipande vipande, yakabaki madimbwi marefu chini ya miti mikubwa, na ndani ya madimbwi hayo ndimo wamo mamba. Wapo wenye urefu wa zaidi ya mita nne. Askari alitueleza jambo ambalo darasa zima tulikataa kuliamini: kwamba mamba hao huweza kukaa miezi mingi bila mlo wa maana, miili yao ikipunguza kazi karibu yote, wakingoja majuma machache ambayo nyumbu hupita. Tulikuwa tumefika katika majuma hayo.

Hapo ndipo mimi na kaka yangu tunapotofautiana. Yeye anasema nyumbu wawili walikamatwa mbele yetu. Mimi nilimwona mmoja. Walishuka ukingoni kunywa, wakasukumana, wa mbele akaingia maji ya magotini, na pua yake ikashikwa. Hapakuwa na kelele nyingi kama nilivyodhani. Waliobaki nao walirudi nyuma hatua chache, wakasimama, na baada ya muda mfupi wakashuka tena palepale, kiu ikiwa imeshinda. Mama alitufunika macho na kanga akiwa amechelewa. Baba akamwambia atuache tuone. Nadhani alikuwa sahihi, kwani niliogopa, lakini nilielewa siku ile, bila kuambiwa na mtu, kwa nini Bibi alitukataza kuchota maji ziwani jioni.

Chakula tulikula mbali na ukingo, chini ya miti ambayo juu yake walikaa mbega, wale weusi wenye mkia na mabega meupe, wanaoruka kama shuka iliyotupwa. Askari alisema mbega hawawezi kuishi bila msitu huo mwembamba wa kando ya mto. Ukikatwa, wamekwisha. Bibi aliposikia hivyo alianza kusimulia, na yote aliyoyasema pale ndiyo ninayoyathamini kuliko mamba.

Alisema kwao Butiama kuna msitu wa Muhunda, mdogo tu, karibu na makazi ya ukoo wa Chifu Burito, baba yake Mwalimu Nyerere. Wazee hufanyia matambiko humo, hakuna akataye kuni, na nyani wa humo hawapigwi mawe hata wakila mahindi shambani. Kwake yeye, kutenga pori lisiguswe halikuwa jambo lililoletwa na Wazungu kwa ndege. Askari akamwambia kwamba kwao Waikoma wanazo pembe mbili za tembo, Machaba, ambazo wazee huzitunza kwa taratibu kali na kuzitolea sadaka kwa ajili ya mvua na uzima. Kisha wakahamia biashara ya zamani. Wanaume wa Ikoma na Nata walipowinda nyumbu, mikia yake ilipelekwa Usukumani, ambako watu waliitaka kwa mapambo na ngoma, na ikarudi ikiwa mbuzi na ng'ombe. Mifugo ya watu wengi ilianzia kwenye mkia wa nyumbu, Bibi akasema, akatutazama mmoja mmoja kama tumesikia.

Kisha akataja sotoka. Wazazi wake waliiona ile ya miaka ya 1890, iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki yote na nyati na nyumbu pamoja nao, hata watu wakafa njaa. Na katika siku zake mwenyewe, alikumbuka Bwana Mifugo alipokuja Butiama na masanduku ya chanjo kuelekea mwisho wa ukoloni. Babu alikataa. Alidhani sindano ndiyo itakayowaua. Akawaficha ng'ombe wawili korongoni na kuwapeleka waliobaki, na waliobaki wakapona, ndipo akawatoa wale wawili nao wakachomwa. Wanafunzi tulicheka. Askari naye alicheka. Hakuna aliyeunganisha habari ile na wanyama waliokuwa wamejaa uwanda mzima nyuma yetu.

Mimi mwenyewe niliiunganisha nikiwa mtu mzima, nikifundisha baiolojia Musoma, siku nilipopata kitabu kuhusu ikolojia ya Serengeti. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama laki mbili na nusu tu. Kila mwaka vijana wao wengi walikufa kwa sotoka kabla ya kutimiza miaka miwili. Kisha ng'ombe wanaoizunguka hifadhi wakachanjwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu na nyati, ingawa hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Walikuwa wakiambukizwa na ng'ombe. Kufikia 1977 nyumbu walikuwa milioni moja na laki tatu. Kundi lile lililozunguka lori letu Juni 1978 lilikuwa limepatikana, kwa sehemu kubwa, kwenye majosho na mazizi ya watu kama Babu. Nilikaa na kitabu kile mapajani muda mrefu. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, na ningependa sana kumsomea ukurasa ule.

Baba alikusudia safari iwe ya kila mwaka. Haikuwa. Oktoba ile ile majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, malori yakachukuliwa na vita, mafuta yakawa ya kupanga foleni. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilijaribu kupiga Mwanza na mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ndogo ya wanyama, yakaua swala. Nakumbuka baba akituambia habari hiyo, na jinsi mdogo wangu alivyolia kwa ajili ya swala hao siku ambayo watu wazima walikuwa na mambo mengi mengine ya kulia. Vita vilipokwisha tulibaki na umaskini na silaha nyingi mikononi mwa watu. Kati ya mwisho wa miaka ya sabini na miaka ya themanini faru karibu wote wa Serengeti waliuawa na tembo wakabaki mamia tu. Operesheni Uhai ya 1989 na marufuku ya dunia ya kuuza pembe za ndovu mwaka huohuo ndivyo vilivyogeuza mambo. Nasema hivi kwa haraka kwa kuwa mengi yameandikwa na wengine, nami wakati huo nilikuwa mbali, chuoni.

Jambo moja la baadaye nililiona kwa karibu. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kuanguka kifafa na kufa. Karibu theluthi moja walikwisha, yapata elfu moja. Ugonjwa ulikuwa wa mbwa, mbwa wa kawaida wa vijijini kwetu. Katika miaka iliyofuata yalianza kuja magari ya chanjo hadi vijiji vya Bunda, na watoto wakawa wanawaleta mbwa kwa kamba za katani, foleni ndefu chini ya mwembe. Nilisimama na mwanangu kwenye foleni kama hiyo. Akauliza kwa nini watu wa wanyamapori wanahangaika na mbwa wetu mwenye upele. Nikamwambia habari za ng'ombe wa babu yake mkubwa, na za wale wawili waliofichwa korongoni.

Kwa hiyo huwa inaniuma nikisikia hifadhi ikisemwa kana kwamba ni nchi nyingine iliyoanzia Ndabaka. Ng'ombe wetu wakiugua, nyumbu hufa. Mbwa wetu wakiugua, simba hufa. Mto wao unamwagikia kwenye ziwa tunalovua dagaa. Na bado, miaka yote hii, mtoto wa Bunda anamjua simba wa kwenye noti kuliko simba wa jirani yake. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno kikipimwa na cha mgeni; kinachozishinda familia ni gari. Walimu wa siku hizi wananiambia hivyo hivyo, na ninawajibu kwamba gari letu lilikuwa lori la pamba. Shule ziko, halmashauri ina magari, nyumbu hawajabadili njia. Kinachotakiwa ni mwalimu mmoja mkaidi wa kuandika barua.

Jambo hili limezidi kuwa la karibu tangu habari za Nyatwali. Kata ile ipo kati ya hifadhi na Ghuba ya Speke, na shangazi yangu aliolewa huko. Likizo zetu nyingi tulizimalizia kwake, tukianika dagaa juu ya mawe. Tembo walikuwa wakipita kwenye mihogo yao kwenda kunywa ziwani, na kila mwaka hasara iliongezeka. Serikali iliamua eneo lile liwe la wanyama, ili Serengeti ifike majini na wanyama wa porini wasikose maji mwaka wa ukame. Wakazi wakalipwa fidia, wakahama. Kwa akili ninaielewa hoja hiyo vizuri. Nimeona mito ilivyopungua. Kwa moyo, nyumba ya shangazi haipo, makaburi ya watu wetu yako kule, na sioni haja ya kujifanya kwamba fidia inafuta hilo. Naomba tu waliohama wasisahaulike, na watoto wao wawe wa kwanza kupelekwa kuona ardhi yao ilitolewa kwa ajili ya nini.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, sasa amejenga upande wa Balili. Ana watoto wanne na hakuna aliyewahi kuingia ndani ya lango. Nilipomweleza habari za Kirawira alinyamaza, kisha akauliza nyumbu hufika lini. Nikamwambia mwisho wa mwezi wa tano, ikiwa mvua zitakwisha vizuri. Tumekubaliana kuchanga na majirani zake wengine waliotoka Nyatwali tukodi basi dogo, wazee wapewe viti vya mbele. Kaka yangu naye anakuja kutoka Musoma. Anasema lazima tufike palepale mtoni amalize ubishi wa nyumbu wawili. Barua kwa mhifadhi nimeipeleka Jumatatu.